Pindo la Uzee

14 Februari

Dada yangu,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na binti yako Kauzi na mama. Mimi huku napumua, nakula, nafanya kazi. Baridi inauma lakini haijaning'oa. Mwambie mama goti lake nalikumbuka kila ninapopanda ngazi za nyumba tunayokaa, maana hata langu limeanza kulalamika.

Shati ulilonishonea limefika salama kwa mkono wa yule msafiri. Dada, usicheke. Halifungi. Vifungo viwili vya chini na matundu yake vinatazamana kwa mbali kama watu waliogombana. Si kosa la mkono wako. Ulikata kwa vipimo nilivyoondoka navyo, na mwenye vipimo hivyo hayupo tena. Yule Njiti wako amekuwa gogo.

Kazi ni ileile, kwenye kile kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Nimehamishiwa upande wa kukunja. Nakunja na mama mmoja mjane wa nchi nyingine kabisa, hatuna hata neno moja la pamoja. Yeye anashika ncha mbili, mimi mbili, tunavuta, tunakutana katikati, ananipa zake, tunaachana tena. Tunaelewana kuliko watu wengi ninaoongea nao.

Chakula usiniulize. Huku cha kukaanga ndicho cha bei rahisi na mboga ndiyo anasa, dunia imepinduka. Tukitoka kazini tumechoka, tunanunua viazi na ngozi za kuku kwenye kibanda cha kona, tunakula tumesimama. Chumbani tuko watatu, mimi, kinyozi na muosha vyombo, na sote tulikuja wembamba. Kinyozi anasema tulikuja kutafuta maisha, tumepata matumbo.

Juzi tulipelekwa zahanati ya wageni wapya, tukatolewa damu. Muuguzi anasema wengi wetu huingia na damu nyepesi, tukikaa kidogo inajaa mafuta. Wanayaita lehemu. Mimi lehemu niliyoijua ni ile ya fundi wa mabati. Majibu bado.

Nakutumia picha yangu, na vipimo vipya nyuma ya karatasi hii. Kiuno kisome ukiwa umekaa.

Mdogo wako.


20 Machi

Njiti, au nikuite Gogo,

Tumeipata barua na picha. Sisi wazima. Mama goti limepoa tangu aione ile picha, na ameitembeza kila nyumba. Jirani yetu mwenye mdomo, yule aliyesema ungerudi na mifupa kwenye begi, ameonyeshwa mara mbili. Mama alikuwa analia kwa furaha. Kwa hiyo tafadhali usituletee habari za kupungua. Mwili huo sasa ni mali ya familia nzima.

Vipimo nimeviona. Nimekaa kweli. Nitakata shati jipya, lakini nisubirie, nguo za harusi zimenijaa mpaka kitandani.

Nina habari itakayokufurahisha kuliko shati. Ushanga wa babu umemtokea Kauzi! Kwenye kope la kushoto, karibu na pua, mahali palepale ulipoanzia wangu. Bado mdogo, kama chembe ya mchele, lakini ni wa njano na hauumi. Mama alimvuta dirishani, akamgusa kwa kidole kama baba alivyonigusa mimi, akasema, "Umechaguliwa." Nikamshonea gauni jipya kama desturi inavyotaka. Miaka kumi na mitano tu! Mimi wangu ulikuja nikiwa mtu mzima, na wako ulitoka mwaka uliosafiri. Mtoto ametuzidi kete. Anajitazama kwenye kioo mpaka namfukuza.

Mimi mzima. Kiungulia tu, na uchovu wa kukaa kwenye cherehani.

Dada yako.


2 Mei

Dada yangu mpendwa,

Nawasalimu wote. Najua ulitegemea barua ya kicheko. Hii siyo, na ninaomba uisome peke yako. Ndiyo maana sikupiga simu. Nikipiga, mama husema weka sauti kubwa, na maneno haya hayafai sauti kubwa.

Majibu yametoka. Kinyozi na muosha vyombo mafuta yao yamepanda kidogo, wameambiwa wapunguze vya kukaanga na watembee. Mimi nikaambiwa nirudi nionane na daktari mwenyewe. Ni mama wa makamo, mpole. Alisoma karatasi, kisha akaiweka chini akasogeza kiti, akanitazama machoni. Nilidhani ananikagua kama nadanganya. Akaniuliza, "Hiki kwenye kope umekuwa nacho tangu lini?"

Nikamwambia kwa majivuno, dada. Nikamwambia ni ushanga wa babu, ukoo wetu tunazaliwa nao damuni, si kila mtu anaupata.

Hakucheka. Akasema, "Kuzaliwa nao ni kweli. Hayo ni mafuta. Damu yako imejaa mpaka yanatafuta pa kukaa. Mafuta haya hukuyala huku. Umekuja nayo." Kisha akaniuliza nani kwetu amekufa ghafla kabla ya uzee.

Nikaanza kutaja mmoja mmoja. Babu alianguka akifunga kamba za viatu. Shangazi, usingizini. Baba, mezani kwa mama mdogo, kijiko bado mkononi. Wote walikuwa na ushanga, dada. Wote hawakufika miaka hamsini. Sisi tulisema wenye ushanga hawakai sana duniani kwa sababu Mungu anawapenda. Daktari anasema mishipa ya moyo inaziba polepole bila kelele, halafu siku moja inafunga kabisa. Anasema unene si hoja, hata mwembamba kama uzi anaweza kuwa nayo. Na anasema dawa ipo. Ni kidonge kimoja kwa siku, cha maisha yote. Nimeanza.

Wewe ushanga wako uko macho yote mawili. Na sasa Kauzi. Nakuomba muende mkapimwe damu, wewe na yeye. Muende asubuhi kabla ya kula chochote. Mkaseme, tunataka kupimwa lehemu. Ndilo ombi langu lote.

Mdogo wako.


10 Julai

Dada,

Hamjambo huko? Sisi wazima. Muosha vyombo amepata chumba chake, tumebaki wawili.

Nimesubiri barua mpaka nimechoka kuchungulia sanduku la mlangoni. Nilipopiga simu ulisema, mbele ya mama, "Nimekipata kile kitambaa ulichotuma, kizuri." Sikutuma kitambaa. Nikaelewa kwamba umeisoma. Lakini hukusema kama utaenda.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mdogo wako.


28 Julai

Mdogo wangu,

Mama mzima, Kauzi mzima, amefaulu mitihani. Mvua imeharibu paa la jiko, tumelirudishia.

Unataka mstari mmoja. Nitakupa mingi, na mingine itauma.

Nilisoma barua yako chooni, ndiko pekee nisikofuatwa. Nikaisoma mara ya pili, nikaikata vipande kwa mkasi wa kazi. Hivi ulifikiri kabla ya kuandika? Umeandika "baba, mezani kwa mama mdogo, kijiko mkononi" kama mtu anayehadithia jambo la jirani. Ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwepo. Kabla mwili haujapoa ilishasemwa kwamba mke wake wa pili amemlisha kitu. Baba mkubwa alimtolea vitu vyake nje, sufuria lile la chakula likamwagwa barabarani, na yule mwanamke akaondoka na nguo alizovaa. Hakumzika, hakumlilia. Miaka yote hii mama yetu amekula na kulala juu ya neno moja: mume wangu aliuawa na mwenzangu. Ndilo fimbo yake ya kutembelea. Sasa unataka niende hospitali nikarudi na karatasi inayosema alikuwa na mafuta? Mama nitamwambia nini? Na yule mwingine, akiwa bado hai, tutamwambia nini?

Halafu mafuta gani, Njiti? Mimi mwenye mwili wa sindano? Mafuta ni ya wanaokula. Huko mnakula mpaka mnapimwa, huku tunapimiwa nguo tu. Daktari wako amekuona mgeni, amekuona hujui, amekupa ugonjwa wa wenyeji.

Shati lako halijaanza. Mkono wa kushoto unakufa ganzi nikikazana na pedali, na kile kiungulia kinapanda mpaka taya. Ni cherehani hii, inataka mafuta yenyewe.

Usiniandikie tena jambo hili.

Dada yako.


15 Agosti

Dada,

Nisalimie mama. Mpongeze Kauzi.

Umenikataza na mimi sitasikia. Nitukane ukimaliza kusoma.

Mkono unaokufa ganzi, kiungulia kinachopanda taya: mtu wa cherehani anatumia mikono yote miwili, kwa nini unaokufa ganzi ni wa kushoto tu? Nilimwuliza daktari bila kukutaja jina. Aliniambia, "Huyo mtu asisubiri kesho." Nilikaa nje ya zahanati nikalia mbele ya watu, na sioni haya kukuandikia. Nimeogopa, dada. Wewe ndiye ulinibeba mgongoni. Nikikukosa wewe huku niliko, sina wa kumwandikia.

Mama usimwambie kitu. Mseme mmekwenda kununua vifungo. Ukweli wa baba unaweza kusubiri, amekwisha kufa. Yule mama mdogo amesubiri miaka hii yote, Mungu atusamehe, anaweza kusubiri tena kidogo. Lakini moyo wako hausubiri, na Kauzi ana chembe ya mchele kwenye kope na tumemshonea gauni kwa ajili yake. Tumeusherehekea ugonjwa, dada. Tumeupigia vigelegele.

Kama huendi kwa ajili yako, nenda kwa ajili yake. Ukikataa nitampigia mama mwenyewe na sauti kubwa ataiweka mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda.


9 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Umenisubiri sana, nisamehe. Mkono ulikuwa hautaki kuandika, na hata mwenye mkono alikuwa hataki.

Tulikwenda. Si mara moja. Nilijiambia nimalize sare za shule kwanza, kisha nguo za kipaimara za mteja mmoja, kisha nyingine. Fundi hakosi kisingizio, kazi haiishi. Halafu siku moja Kauzi aliniona nimeegemea cherehani natokwa na jasho la baridi, akachukua kitenge chake akanifunga kiunoni na kunisukuma barabarani. Kwa hiyo vifungo hatukununua.

Damu yangu na ya Kauzi imetoka sawa na ulivyosema. Yake iko juu, lakini moyo wake ni mzima. Daktari amesema huyu amewahi, akimeza kila siku atazeeka kama watu wengine. Mimi nimechelewa. Mishipa miwili imekwisha kuziba na moyo umechoka. Kuna upasuaji, lakini hospitali yetu haiufanyi, wameniandika kwenye foleni ya ile kubwa. Nameza vidonge, sasa tunameza pamoja na Kauzi tukishapiga mswaki. Anajifanya kunihimiza mimi. Mtoto mjanja.

Basi nikafanya jambo ambalo hukuniomba. Nilimtafuta mama mdogo. Haishi mbali, ndiyo aibu yenyewe, anauza maandazi nyuma ya stendi. Amezeeka. Nilipomwambia, aliendelea kugeuza maandazi kwenye mafuta mpaka yakaiva, akayaepua, ndipo akakaa. Akasema, "Mimi mwenyewe nilifika mahali nikaanza kujiuliza kama niliweka kitu bila kujua." Mdogo wangu, tulilia pale, wateja wakajichukulia maandazi wenyewe. Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Kwa mama nilikwenda jioni ile ile. Nilimweleza yote. Akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Mwisho akasema, "Basi nilimchukia bure." Hajalitaja tena. Haombi tena simu iwekwe sauti kubwa, utaona. Sijui kama nimetenda wema au nimemnyang'anya fimbo yake, ila nimechoka kubeba.

Sasa shati. Limekwisha, atakuja nalo yule msafiri mwanzoni mwa mwaka. Ulisema kwenye simu unapungua kwa kutembea na kuacha vya kukaanga, kwa hiyo nimelishona la saizi yako ya kati, si Njiti wala Gogo. Lakini tazama ndani ya mishono ya ubavuni, kushoto na kulia. Nimekunja kitambaa cha akiba. Fundi aliyenifundisha kazi alikiita pindo la uzee. Mwanaume akikomaa, tumbo linashuka, anakuletea nguo, unafumua pindo, anaendelea kuivaa. Nimewashonea wanaume wa ukoo wetu tangu nikiwa msichana. Baba, baba mdogo, binamu zetu. Wote niliwaachia pindo la uzee. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudishia nguo nifumue.

Nilidhani wanatunza nguo vizuri.

Lako nimeliacha pana kupita yote. Lifikie.

Dada yako.


25 Januari

Mpwa wangu Kauzi,

Pokea salamu za mjomba wako, na umfikishie bibi zake. Ameniambia kwenye simu anakula kidogo. Mkalie mpaka amalize sahani.

Barua hii ingekuwa ya mama yako. Mkono umezoea, umeandika "Dada" juu ya karatasi mbili, nikazichana.

Siku mliyonipigia nilikuwa kazini. Nilirudi kwenye meza ya kukunja kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Yule mama mjane ninayekunja naye aliniona uso, akaacha kuvuta. Alishika ncha zote nne peke yake, akakunja shuka lote peke yake, na lililofuata, na lililofuata, mimi nimesimama tu. Nadhani alishawahi kusimama hivyo.

Nimeambiwa ameanguka akimpimia mteja bega, kabla foleni ya hospitali kubwa haijamfikia. Nimeambiwa mama mdogo alikuja mazishini na bibi yako akamsogezea mkeka wakakaa pamoja. Hayo nimeyapokea. Ila bibi yako ameniambia na jingine, na ndilo ninalokuandikia. Anasema umeacha vidonge. Anasema ulimwambia, "Mama alimeza, akafa."

Kauzi, nina hasira na wewe na sina nguvu ya kukuficha. Mama yako hakuuawa na dawa. Hata chakula cha mama mdogo hakikumuua babu yako. Tazama tulivyo wepesi wa kukamata kilichokuwa karibu na maiti. Mama yako alianza kumeza nyumba ikiwa imekwisha kuungua. Wewe yako bado haina hata moshi, na hiyo ni kazi yake yeye. Alikwenda kupimwa kwa sababu yako, asingekwenda kwa sababu yake. Alichokuwa amebakiwa nacho alikitumia chote kukufikisha pale mlangoni. Ukikitupa kile kidonge, umemtupa yeye na ile safari yake.

Najua unaogopa. Na mimi naogopa. Usiku nasikiliza moyo wangu kama mtu anayesikiliza mwizi. Lakini asubuhi nameza. Hebu tufanye hivi: ukishapiga mswaki nipigie mlio mmoja, usiongee, nami nitakupigia mmoja. Tutajua sote tumemeza.

Shati limefika. Msafiri alinikabidhi akiwa hajui, akasema, "Dada yako anakusalimu sana." Sikumsahihisha. Linanikaa sawasawa, mabega yametua, vifungo vyote vinafika nyumbani. Nililigeuza ndani nje. Pindo lipo, pande zote mbili, pana kama kiganja, na amelishikiza kwa mshono wa mkono, mrefu mrefu, ule wa kufumuliwa kirahisi.

Cherehani sasa ni yako, na bibi anasema umeshaanza kuikalia. Sitampa fundi mwingine shati hili. Siku tumbo langu litakaposhuka kwa uzee nitakuja nalo mwenyewe, mzee mzima na mkongojo, na wewe utakuwa mama mtu mzima mwenye miwani, utanung'unika kwamba huoni uzi. Nataka uwe wewe utakayelifumua.

Meza dawa, mwanangu. Nasubiri mlio.

Mjomba wako.